Mlezi wa Kuonyeshwa Wageni

Sheria yenyewe, ukisomewa umekaa na umeshiba, ni nzuri tu. Inasema serikali itamtunza mgonjwa aliyepooza, almradi nyumbani kwake awepo mlezi wa kushinda naye. Mlezi huyo awe mtoto wa kuzaa au mwenza wa ndoa, alale nyumba hiyohiyo, na asiwe na ajira ya aina yoyote. Nani atapinga? Ila aliyeitunga alisahau kusema huyo mlezi ale nini. Posho ni ya mgonjwa: ya nepi, ya dawa, na ya yule mama wa kliniki anayekuja kumfundisha kumeza na kutamka upya. Mlezi yeye, jamani, ale upendo.

Mama Chai alijaribu kula upendo, haukuiva. Mama yake alianguka bafuni akioga, upande wa kulia ukafa na ulimi ukalala. Kaka alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na baba hata tusimtaje, tusije tukaharibu hadithi mapema. Alibaki yeye na wifi yake, mke wa marehemu kaka, aliyepanga chumba cha jirani na kusuka watu nywele barazani. Basi ilipotokea kazi ya kupika chai mjini akaipokea kwa mikono miwili. Siku ya kwanza alipofikishwa getini na kuona ni ofisi gani, alicheka mpaka mlinzi akamtazama vibaya. Ilikuwa ofisi ya ustawi, hiyohiyo inayotoa posho za wagonjwa. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Afanyeje sasa? Akiacha kazi, nyumba nzima inalala njaa. Akibaki kazini, posho inakatwa na mama wa kliniki haji tena, wakati mgonjwa ndiyo kwanza ameanza kumeza bila kupaliwa na kutoa neno mojamoja. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Ni wifi aliyelitatua, tena kwa mkato.

"Si wanataka binti? Niandikisheni mimi. Kutwa nzima nipo hapo barazani, kwani nimekufa?"

"Wewe ni mkwe, wifi. Wanataka mtoto wa kuzaa."

"Basi leo nimezaliwa."

Mwandikishaji alipokuja aliona mwanamke, akaona mgonjwa, akaona kitanda. Vitambulisho wakamwambia viliungua. Mvua ilikuwa inanukia na alikuwa na nyumba nyingine za kumaliza, akaandika, akaondoka. Wifi akawa binti, na binti akawa hayupo.

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga, na Mama Chai aliyaoga kila alfajiri. Aliamka kabla ya jogoo wa mtu yeyote, akamwosha mama yake, akamgeuza ubavu, akampaka mafuta mgongoni asichubuke, akamlisha uji mzito kijiko kwa kijiko, kidevu kimeinama kifuani kama alivyofundishwa na mama wa kliniki. Kitu chepesi kama maji au chai kilikuwa hatari, kingepita njia ya pumzi. Akafagia, akapiga deki, akamwachia wifi uji wa mchana kwenye chupa, akakimbilia kazini. Wifi alimpenda mgonjwa, tusimsingizie, lakini mkono wake ulizoea nywele. Alimlisha mchana ule uji wa tayari huku akipiga soga na wateja dirishani.

Mkaguzi wa ofisi alikuwa anakuja siku yoyote aliyojisikia. Watu walimwita Bwana Hodi, kwa kuwa hodi yake ulikuwa unaisikia wakati mguu wake mmoja tayari uko ndani. Alikuwa mpole, mwenye maswali, na hakuna aliyemwogopa kama waliokuwa na la kuficha. Akionekana tu kona ya mtaa, mteja aliachwa na kichwa nusu, wifi akaruka kizingiti na mafuta vidoleni, akakutwa kando ya kitanda anapepea nzi asiyekuwepo. Bwana Hodi alitazama sakafu inayong'aa, shuka zilizonyooka, mgonjwa asiye na kidonda hata kimoja, akatikisa kichwa. Alisema hajapata kuona binti wa namna ile. Wifi akasema, "Ni mama yangu, nitafanyaje?"

Jioni alikuwa anamsimulia Mama Chai, wanacheka mpaka mgonjwa naye anacheka kwa nusu ya mdomo. Mama Chai alicheka kidogo kuliko wenzake. Sifa za mikono yake zilikuwa zinakwenda kwa mwingine, na hilo, ukweli usemwe, lilikuwa linamuuma.

Na huko kazini nako! Mama Chai hakuwa mwajiriwa wa ofisi bali wa mkandarasi wa usafi na chai, na mkandarasi alikuwa na sheria zake. Simu zinaachwa kwenye sanduku getini. Ruhusa hakuna. Ukikosa siku moja, kesho utamkuta mwenzio amevaa aproni yako. Ukiumwa, uumwe Jumapili. Kuhusu kuuguliwa, hilo halikuwemo kabisa, kama vile watu wa chai huota kwenye miti bila mama wala baba. Mkuu wa ofisi alipita kila asubuhi mbele ya ule ukuta wenye bango la *Familia Kwanza*, akapokea kikombe chake bila kutazama mkono uliokishika.

Ndipo ikaja Kamati. Watu walikuwa wamelalamika kila mahali kwamba posho zinakatwa ovyo, na bunge likatuma kamati ipite ofisi kwa ofisi kuiuliza serikali pesa zinamfikia nani na sheria zinamuumiza nani. Wiki nzima Mkuu alikuwa hakai. Kuta zikapakwa rangi, choo cha wageni kikapata kitasa, na mapazia yakaja yenye bei yake bado inaning'inia.

"Watataka kumwona mnufaika," Mkuu alisema mlangoni mwa jiko, akizungumza na Bwana Hodi. "Mtu safi. Asiyebwabwaja."

"Ninaye mmoja, Mzee. Huyo ukimwona, machozi yatakutoka."

Mama Chai alikuwa anasugua birika. Hakutega sikio, maana katika mji mzima nani angefikiria ni kwake?

Siku yenyewe aliingia ukumbini na sinia la vikombe, akiwa amefungwa kilemba kipya cha mkandarasi. Wajumbe walikuwa wameshakaa. Katikati alikaa Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, Bwana Hodi akaingia anasukuma kiti cha magurudumu, na kitini alikuwa mama yake.

Mama yake mzazi! Amevalishwa gauni la sikukuu, amepakwa poda, mkono wake mbovu umewekwa juu ya ule mzima kama mkufu wa kuazima. Nyuma yake wifi, amevaa viatu vya Mama Chai, vile vya harusini. Gari la ofisi lilikuwa limewachukua asubuhi hiyohiyo. Wifi alikuwa amepiga simu mpaka vidole vikachoka, na simu ilikuwa inalia ndani ya sanduku getini.

Mgonjwa aliinua macho, akamwona mwanawe. Wifi naye akamwona. Kisha mgonjwa akageuza uso upande wa dirisha, akakazia macho lile pazia lenye bei, na hakurudi kumtazama. Ulimi ulikuwa umelala, lakini akili ilikuwa macho, na mzee yule alijua hatari ilipo kuliko wote waliokuwemo ukumbini.

"Tuambie, binti," Mwenyekiti akasema. "Siku yako inakwendaje?"

Wifi, ambaye nyumbani humnyamazishi hata kwa fimbo, alianza kwa kigugumizi, lakini alipoona watu wanaandika, akapata moto. Anaamka alfajiri. Anamwosha, anamgeuza ubavu, anampaka mafuta. Alieleza yote, neno kwa neno, yale aliyokuwa akiyasikia kupitia ukuta wa chumba cha jirani. Mjumbe mmoja alitoa kitambaa akajifuta jicho. Mama Chai alimimina chai akisikiliza maisha yake yakisimuliwa na mwingine, na asingeweza hata kusahihisha pale wifi aliposahau habari ya deki.

"Mpeni mama naye chai basi," Mwenyekiti akasema kwa huruma. "Tunakunywa peke yetu kama wachawi."

Mama Chai akawahi. "Ni ya moto sana, Mheshimiwa. Niipoze kwanza."

"Hii yangu imeshapoa, sijaigusa." Na Mwenyekiti akanyanyuka yeye mwenyewe, akampa wifi kikombe mkononi.

Sasa wifi angefanyaje? Kikombe kimetoka mkononi mwa mheshimiwa, ukumbi mzima unatazama, na binti mwema huyo aliyesifiwa ndiyo akatae kumnywesha mama yake? Alijua chai ni marufuku. Alimtazama Mama Chai mara moja tu, macho yamemtoka, akajidanganya kwamba kidogo hakidhuru. Akakiinua kidevu cha mgonjwa juu, juu kabisa, unavyomnywesha mtu mzima asiyeumwa, akamimina.

Mgonjwa alipaliwa. Kwanza ilikuwa kikohozi kidogo, kisha hakikuwa kikohozi tena, ilikuwa mlio mwembamba wa hewa inayotafuta pa kupita. Uso ukabadilika rangi. Mkuu akasema, "Maji! Mleteeni maji!" na wapo waliokimbilia maji kweli, wamuue kabisa.

Sinia lilianguka. Mama Chai hakukumbuka amevukaje meza. Alimwinamisha mama yake mbele, kidevu kifuani, kiganja kimoja kimeshika paji la uso na kingine kinampiga kati ya mabega. "Kohoa. Kohoa tena. Usiogope, nipo. Toa. Toa yote." Akaingiza kidole, akapangusa, akamwinamisha tena, akamsugua mgongo mpaka pumzi ikarudi, ya kukwaruza, lakini pumzi. Akamfuta mate kwa aproni. Alikuwa amepiga magoti kwenye chai na vigae vya vikombe, na mkono mzima wa mama yake ulikuwa umemng'ang'ania kilemba.

"Wewe ni nani?" Mwenyekiti akauliza taratibu.

"Wa chai, Mheshimiwa."

"Umejifunza wapi kumshika mgonjwa hivyo?"

Hapa ndipo ukweli ulipomjaa Mama Chai mdomoni. Angefungua tu midomo ungemwagika wenyewe. Lakini Mkuu aliwahi, maana watu kama hao huwahi.

"Ni mafunzo, Mwenyekiti," akasema, jasho linamtiririka. "Wafanyakazi wetu wote, hata wa chai, tunawafundisha kuhudumia wanufaika."

"Ajabu kubwa! Hilo liandikwe kwenye ripoti." Mwenyekiti akavua miwani, akamwinamia Mama Chai kwa upole wa kweli, na huo upole ndio uliokuwa mgumu kubeba. "Mama, wewe uko hapa kila siku, unawaona watu wanavyoingia na wanavyotoka. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Hii sheria ya mlezi kutokuwa na kazi, inamuumiza mtu? Sema, usiogope. Hakuna wa kukufanya kitu."

Hakuna wa kukufanya kitu! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Akisema, wifi atakuwa tapeli mbele ya bunge, na tapeli wa posho hufungwa. Mama yake ataondolewa kwenye orodha kabla kiti hakijafika mlangoni. Yeye mwenyewe, aproni yake itakuwa na mwenyewe mwingine kufikia kesho. Na asiposema, ripoti itaandikwa kwamba sheria ni tamu, ibaki ilivyo, kwa wote wengine waliopo huko nje wanaojificha kama yeye. Alilijua hilo vizuri. Alitazama mkono wa mama yake, ambao ulikuwa umemwachia kilemba na kurudi taratibu pajani, mahali pake pa mgonjwa asiyemjua mtu.

"Haimuumizi mtu, Mheshimiwa," akasema.

Mwenyekiti akangoja kidogo, kama mtu aliyetegemea jibu jingine. Kisha akavaa miwani yake.

Jioni ile nyumbani hakuna aliyecheka. Wifi alilia mpaka macho yakavimba, akamwomba mgonjwa msamaha, akamwomba wifi yake msamaha, akavirudisha viatu vimefutwa. Mama Chai hakuwa na hasira naye. Hasira yake alishindwa hata aielekeze wapi, ikabaki inamzunguka kifuani. Alimlisha mama yake uji, na mama yake alikula bila kuondoa macho usoni mwake.

Lakini uongo wa Mkuu nao ulikuwa na miguu. Kamati ilimwandikia kuyataka hayo mafunzo, yaonekane, yaenezwe ofisi nyingine. Mkuu hakuwa na mafunzo yoyote isipokuwa mwanamke mmoja wa jikoni, basi akamwita, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Kuanzia wiki hiyo, kila Jumatano chai ikishanywewa, Mama Chai atafuatana na Bwana Hodi majumbani kwa wanufaika, awaonyeshe walezi namna ya kuwashika wagonjwa.

"Tunaanza na nyumba ipi, Mzee?" akamwuliza Mkuu, ingawa moyo ulishamwambia.

"Ya yule bibi aliyepaliwa. Mwenyekiti kaagiza mwenyewe. Yule binti ana moyo, ila mikono bado."

Aliomba waanze kwingine, akakataliwa. Alifikiria kujifanya mgonjwa, akakumbuka sheria ya mkandarasi. Jumatano wakaenda, Bwana Hodi mbele, yeye nyuma, wakipita mtaa wake. Alikuwa amemtuma wifi asubuhi apite nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wajifanye hawamjui yeye, na majirani, Mungu awabariki, walimtazama kama wanavyomtazama mtoza kodi. Hata muuza mkaa, anayemtania kila akipita, aligeukia magunia yake.

Bwana Hodi alisimama mlangoni, akamwachia nafasi. "Piga hodi wewe. Leo ni kazi yako."

Akalitazama komeo alilolifunga mwenyewe alfajiri. "Hodi," akasema.

"Karibuni, karibuni wageni!" wifi akaitika kutoka ndani, sauti juu kama ya mtu wa sokoni. "Mama, tumepata wageni! Keti hapo, dada yangu, jisikie nyumbani."

Mchana wa siku ya kazi hakuwa anaijua nyumba hii. Alikuwa amesahau kwamba jua huingia kwa dirisha dogo na kumfikia mama yake miguuni, na hakujua kwamba yeye akiwa kazini mama yake hulala akielekea mlangoni. Alikaa ukingoni mwa kiti chake mwenyewe, amebana magoti. Kisha akaanza kufundisha. Alimweka mama yake wima kwa mito, akakitelemsha kidevu, akamwonyesha wifi ujazo wa kijiko, ajaze nusu, asubiri, atazame koo lipande na kushuka. Wifi safari hii alijifunza kwa dhati, akirudia kila kitu. Mama Chai akainuka, akasogeza pazia la kabati akachukua kitambaa.

"Umejuaje kilipo?" Bwana Hodi akauliza, akitabasamu.

"Kwa maskini vitu vina mahali pamoja tu," akajibu.

Bwana Hodi akacheka, akaridhika, akavuta kigoda karibu. Alimtazama anavyompangusa mgonjwa pembe za mdomo, taratibu, na sura yake ikaingia huzuni ya mtu mwema.

"Unavyomshika, mtu atadhani ni wako. Hivi wewe mama yako yupo?"

Mama Chai akaendelea kupangusa mahali palipokwisha kukauka.

"Nauliza kwa wema," Bwana Hodi akasema. "Kama yupo na hali yake ni dhaifu, nitakuja kumwandikisha mimi mwenyewe. Niambie anakaa wapi na anaishi na nani, hata leo jioni nitapita. Mtu kama wewe hawezi kukosa msaada."

Angesema yupo, angepitiwa jioni. Angesema yuko mbali, angeulizwa mbali wapi, na Bwana Hodi hakuwa mtu wa kuishia swali la kwanza. Alitafuta jibu jingine, akalitafuta mpaka mwisho wa akili yake, na kila alikogusa palikuwa na ukuta. Mama yake alikuwa anamtazama kwa karibu, macho yale yale yaliyomlea, yanangoja kama wengine.

"Alifariki," Mama Chai akasema. "Zamani."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira. Bwana Hodi akainamisha kichwa, wifi akageukia ukutani. Ndipo yule mgonjwa akaanza kuhangaika na mdomo wake, nusu iliyo hai ikiivuta nusu iliyokufa, midomo ikikutana na kuachana, hata mkono wake mzima ukainuka hewani kumsaidia. Walidhani anapaliwa tena. Ikachukua muda, kisha neno likatoka, zito na lenye mate, lakini kila mtu chumbani alilisikia.

"Pole."

"Eh!" Bwana Hodi akasema, machozi yanamlenga. "Umemsikia? Bibi wa watu anakupa pole!"

Mama Chai aliushika ule mkono uliokuwa hewani, akaushusha pajani, akaupapasa mara moja, kwa adabu, kama mgeni.

"Asante, mama," akamwambia. "Nimeshapoa."